Nyimbo za mvua usiku wa mafuriko: kisa cha kipindi kimoja cha redio

Kisa hiki nimewaandikia watangazaji na waandaaji wa vipindi vya muziki, hasa wanaopiga nyimbo za lugha wasiyoisema. Majina ya redio, ya mji na ya wahusika nimeyaondoa. Mtangazaji nimemwita Kijana, na wasikilizaji wawili waliotubadilishia mambo nimewaita Bibi na Mzee. Mimi nilikuwa msimamizi wa vipindi, na aliyekipitisha kipindi kile ni mimi.

Usuli

Redio yetu ni ya jamii, ipo pwani, na Jumamosi usiku kuanzia saa tatu ilikuwa na kipindi cha zilipendwa za Kihindi. Watu wazima wa mji wetu walikulia kwenye picha za Kihindi. Wanamtambua steringi kwa mwendo wake kabla hajafungua mdomo, na wanaimba ubeti mzima bila kujua maana ya neno hata moja. Mahadhi hayo yaliingia kwenye taarabu zamani sana. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba maneno mazito ya Kiswahili juu ya sauti za Kihindi, na watu wakazipokea sauti zile kama zao.

Hatari ilianzia hapo hapo. Wimbo ulioujua kwa sikio tangu utotoni hukupa imani kwamba unaujua kweli.

Kijana alikuwa na umri wa miaka 24, mwenye sauti nzuri na bidii isiyo na mfano. Alinijia katikati ya Aprili, masika yamekolea, na wazo la kufanya kipindi kizima cha nyimbo za mvua. Alikiita usiku wa mvua na mapenzi. Orodha yake ilikuwa na nyimbo saba. Wa kwanza ule wa mwavuli wa Raj Kapoor na Nargis, "Pyar Hua Ikrar Hua", kutoka Shree 420 ya mwaka 1955. Wa pili "Zindagi Bhar Nahin Bhoolegi", Mohammed Rafi, kutoka Barsaat Ki Raat ya 1960. Wa tatu ule wa gereji katika Chalti Ka Naam Gaadi ya 1958, Madhubala ameloa chapachapa na Kishore Kumar anagonga vyuma kama ngoma. Kisha Lata Mangeshkar na "O Sajna Barkha Bahar Aayi" wa filamu Parakh, 1960. Halafu "Hariyala Sawan" kutoka Do Bigha Zamin ya 1953, "Ab Ke Baras" kutoka Bandini ya 1963, na mwisho "Allah Megh De" kutoka Guide ya 1965.

Nilipitisha macho, nikaona Lata, nikaona Rafi, waimbaji wakubwa, nikaweka saini. Sikuuliza swali hata moja. Kijana alikuwa amezipata nyimbo hizo kwa kutafuta neno mvua mtandaoni, na katika filamu saba alikuwa ameiona moja tu, ile ya mwavuli.

Kilichotokea

Siku yenyewe mvua ilianza alasiri. Kufika magharibi mitaro ilikuwa imejaa, na fundi mitambo wetu aliingia studio amebeba viatu mkononi.

Nyimbo nne za kwanza zilikwenda vizuri. Ule wa mwavuli Kijana aliueleza kwa ufundi, kwa sababu picha yake alikuwa ameiona. Aliwaeleza wasikilizaji jinsi mwavuli ulivyo mmoja na watu ni wawili, kila mmoja anausukuma umfunike mwenzake. Akawaeleza pia juu ya watoto watatu wanaopita na makoti ya mvua, nao ni watoto wa Raj Kapoor mwenyewe, Randhir, Ritu na Rishi. Wanapita pale pale Nargis anapoimba kwamba mimi sitakuwepo na wewe hutakuwepo, ila alama zetu zitabaki. Simu za salamu zilimiminika.

Wa tano, "Hariyala Sawan", aliutambulisha kama wapenzi wanaocheza mvuani. Haikuwa kweli, lakini hakuna aliyelalamika.

Wa sita ndio uliotuponza. Bwana mmoja mjini alikuwa ametuma ujumbe wa salamu kwa mchumba wake, harusi yao ni mwezi unaofuata. Mtangazaji wetu aliusoma ujumbe, kisha akasema: "Sikilizeni binti anavyomwita Babul wake, njoo mpenzi, masika haya yasipite bila wewe!" Wimbo ukaanza.

Haukufika katikati, simu ya ofisini ikalia. Fundi mitambo aliipokea nje ya hewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mtangazaji picha yenyewe ameiona?"

"Sidhani, bibi."

"Basi mwambie Babul si mpenzi. Babul ni baba. Na hapo ni jela, jela ya wanawake. Mama wa watu anasaga nafaka kwa jiwe, anamwambia baba yake, mwaka huu mtume kaka aje anichukue. Kaka haji. Wimbo huo ndio mnampelekea biharusi?"

Fundi aliandika kwenye karatasi: BABUL = BABA, NI JELA. Akaibandika kwenye kioo. Kijana aliisoma, nilimwona uso ukimbadilika. Hakusahihisha. Wimbo ulipoisha aliruka moja kwa moja kwenda wa saba, "Allah Megh De". Aliuchagua huo kwa sababu unaanza na jina la Mungu na kila msikilizaji wa pwani angelidaka. Akafungua na laini za simu wakati wimbo unapita kwa chini.

Wa kwanza kuingia hewani alikuwa Mzee. Alitoa salamu, akaitikiwa, kisha akasema taratibu, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, mimi nipo bondeni huku. Maji yamenifika magotini, ndani, sebuleni. Tunayatoa kwa ndoo, mimi na wajukuu. Kihindi nakijua, nimefanya kazi dukani kwa Mhindi miaka mingi. Hiyo mnayopiga ni dua ya ukame. Mnamwomba Mungu alete mawingu. Kama ni kuomba, tuombeeni hawalayna wala alayna."

Kwa asiyeijua, ni dua ya kumwomba Mungu mvua inyeshe pembezoni mwetu, isinyeshe juu yetu. Watoto wetu huisoma madrasa. Laini ikakatika.

Tulichoamua, na kwa nini

Nilikuwa chumba cha pili. Niliingia, nikamwashiria fundi ashushe wimbo mpaka uishe sauti. Tungeweza kuuacha umalizike, zilibaki kama dakika mbili. Niliona kila sekunde ya wimbo ule ingesikika kama tunabishana na mtu aliyesimama kwenye maji.

Kijana alikaa kimya, kisha akasema: "Mzee wangu, tunakuomba radhi. Hatukujua tunachokiomba." Aliyasema hayo peke yake, hakuna aliyemwandikia, na mpaka leo naona ndiyo maneno bora yaliyotoka studio usiku ule.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha muziki na kuwafungulia laini watu wa mabondeni. Tulipokea simu kwa dakika kumi hivi. Kisha saa ya kipindi ikaisha, na kipindi kilichorekodiwa kikaingia kama ratiba ilivyotaka. Nitalirudia hili.

Jumatatu tulikaa. Wengine walishauri tutoe tangazo la kusahihisha neno Babul na mambo yaishe. Mimi nilitaka kipindi kirudiwe kizima, kwa sababu kosa halikuwa la neno moja. Tulikubaliana mambo matatu. Kipindi kirudiwe Juni, wakati mvua inapofika Bombay (sasa Mumbai) yenyewe. Bibi aombwe aje studio. Na nyimbo zipangwe upya, neno mapenzi liondoke kwenye jina la kipindi.

Kwa nini Bibi, na si mwalimu wa lugha? Kwa sababu alizijua picha, na lugha ilimjia kupitia picha. Alikuwa mshonaji, aliishi mtaa mmoja na familia za Kigujarati, na alikwenda sinema kwenye maonyesho ya wanawake peke yao. Alikubali kwa sharti moja: Kijana aziangalie filamu zote saba, mwanzo mpaka mwisho, kabla hajakaa naye kwenye maikrofoni. Zilimchukua wiki tatu.

Matokeo

Kipindi cha Juni kilifungua na "Hariyala Sawan", na safari hii Kijana alieleza kilichopo. Ni kijiji cha wakulima ambacho mvua ilikiacha miaka miwili. Wingu linajikusanya, tone linaanguka, ngoma inatoka, wanawake kwa wanaume wanaimba kwamba sawan (mwezi wao wa mvua) wa kijani amekuja anapiga dhol, yaani ngoma. Sauti ni za Manna Dey na Lata, muziki wa Salil Chowdhury. Muda mfupi baada ya furaha hiyo, mwenye ardhi anamdai mkulima Shambhu deni lake, na Shambhu anakwenda Kolkata kuvuta rikisho ili aokoe shamba lake dogo. Ukishajua hivyo, furaha ya wimbo inakukaa kooni.

"Ab Ke Baras" aliueleza Bibi. Nanukuu kwa kirefu kidogo kutoka kwenye rekodi, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuusema vizuri zaidi: "Sawan kwao ni mwezi wa kurudi nyumbani. Binti aliyeolewa mbali anachukuliwa na kaka yake, anarudi kwao, anafungiwa bembea chini ya mwembe na shoga zake wa utotoni. Sasa huyu amefungwa. Anasikia miezi inapita. Anamwambia baba, shoga zangu wakirudi niletee habari. Anamwambia, mimi uliyenilea kwa madeko, imekuwaje nimegeuka mtu baki? Na Nutan, steringi wa picha, amekaa pale anasikiliza, hasemi neno."

Sauti ya wimbo ni ya Asha Bhosle, mahadhi ya S. D. Burman. Tulipoupiga, kwa dakika zaidi ya tatu simu haikulia. Ulipoisha zililia zote. Mwanamke mmoja alisema ameuimba wimbo huo tangu akiwa msichana akidhani ni wa mpenzi, na kwamba tangu mama yake afariki hajakanyaga kwao, maana hakuna wa kumwita. Kijana hakujaribu kumfariji kwa maneno mengi. Alisema, "Pole, mama," akamwachia nafasi.

Kipindi hakikuwa kizuri chote. Tulizungumza mno. Kati ya nyimbo saba tulipiga tano, na walalamikaji walikuwa na haki: walikuja kusikiliza Lata, wakapewa darasa. Ule wa gereji, ambao vijana waliungojea, ulikatwa. Yule aliyekuwa anaoa hakututumia salamu tena.

Uchambuzi

Chanzo cha kosa ni kwamba tulichukua mvua ya kwetu tukazivika nyimbo za watu wengine. Kwetu masika huja Machi mpaka Mei baada ya joto la kaskazi, na vuli huja tena mwisho wa mwaka. Mvua ikikosa msimu huu, moyo unategemea ule mwingine. Sehemu kubwa ya India haina nafasi ya pili. Karibu robo tatu ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba. Kabla ya hapo, Aprili na Mei, nyanda za kaskazini zinaungua, joto linapita nyuzi 40, udongo unapasuka. Mvua hufika Kerala, kusini mwa India, kwa kawaida karibu na Juni 1, Bombay siku kumi hivi baadaye, kisha inapanda kaskazini. Sawan wenyewe unaangukia Julai na Agosti. Kwa hiyo mtunzi wa Kihindi anapotaja wingu, nyuma yake ipo miezi ya kungoja.

Na upepo unaoileta mvua hiyo sisi tunaujua kwa jina. Ni kusi. Unavuma kwetu, unakata ikweta ukiambaa na pwani ya Afrika, kisha unapinda kuelekea India ukiwa umebeba maji ya bahari. Mawingu yanayomsubirisha binti wa Bandini yamepita kwenye njia ya majahazi yetu. Hili Kijana alilisema hewani Juni, na nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Ndiyo maana swali la kuuliza wimbo wa mvua wa sinema ya Kihindi si kama unahusu mapenzi. Ni nani anamsubiri nani. Ukiuliza hivyo, orodha ile ile ya Kijana inajipanga yenyewe. Katika Guide, kijiji kinasubiri wingu. Ardhi imekauka, na mtu aliyedhaniwa kuwa mtakatifu anafunga kula ili mvua inyeshe. Wimbo, kwa sauti ya S. D. Burman mwenyewe, unamwita Allah na unamwita Rama katika pumzi moja, kwa sababu ukame hauchagui nyumba. Mvua inakuja mwishoni mwa filamu, naye anakufa. Msikilizaji wa pwani aliyewahi kusimama uwanjani kwenye sala ya istiskaa, ya kuomba mvua, angeuelewa wimbo huu kwa undani, laiti tungemweleza, na laiti tungechagua usiku mwingine.

Katika Barsaat Ki Raat, kinyume chake, mvua imeshapita. Mshairi alijikinga mvua usiku mmoja, akakutana na msichana aliyeshtushwa na radi, na sasa anauimba usiku ule kwenye redio huku msichana anasikiliza nyumbani kwao. Hakuna tone linalomwangukia mtu. Wimbo wa mvua unaosafiri kwa redio, tena sisi ni redio, na hatukuuona! Tuliupiga kati ya salamu mbili kama kibao chochote.

Ule wa Parakh ni wa mtu wa ndani. Sadhana, mwigizaji wake, yupo kwao, anatazama matone, anamsemesha mpenzi asiyekuwepo. Ushairi wa Kihindi una njia hii tangu zamani. Kalidasa, mshairi wa kale, aliwahi kumpa wingu kazi ya kumpelekea mke salamu za mume aliye mbali. Wimbo wa Lata unakwenda njia hiyo hiyo kwa utulivu ambao hauhitaji nguo kuloa. Nasema hivi kwa sababu mitandaoni wimbo wa mvua wa Kihindi umegeuka kuwa sari iliyoloa tu. Huo upo, na baadhi yake ni mzuri sana, ila ni tawi moja la mti.

Kijana alipomaliza kuziangalia filamu alisema kitu kilichonifungua macho. Katika nyimbo zake saba, alihesabu tatu ambazo mvua yenyewe hainyeshi: wa jela, wa ukame, wa redio. Mvua inakumbukwa, au inaombwa, au inanyesha mahali ambapo mwimbaji hawezi kufika. Hakuna tafuta ya mtandaoni ambayo ingemwonyesha hilo. Alilipata kwa kutazama filamu nzima.

Kilichofaa, basi, ni sharti la Bibi. Sasa hakuna wimbo wa filamu unaopigwa kwetu na maelezo kama mtangazaji hajaiona sehemu yenyewe ndani ya hadithi. Akiwa hajaiona, anataja jina la wimbo na mwimbaji, anaupiga, basi. Tumeacha pia kuwapokea wasikilizaji wazee nje ya hewa. Bibi alipopiga simu angeingizwa moja kwa moja, kosa lingesahihishwa mbele ya waliolisikia, na huenda Kijana angeutazama mara mbili ule wimbo wa saba.

Kilichoshindikana ni kikubwa zaidi, na si cha muziki. Usiku ule tulikuwa na habari mikononi: bonde limejaa maji, wazee na watoto wamo ndani. Tulifungua laini kwa dakika kumi kisha tukairudia ratiba. Rekodi ingeweza kungoja. Wiki zilizofuata nilishughulika na Bibi, kwa sababu kisa chake kilikuwa kitamu na kilitupa kipindi. Mzee hakutupa kipindi. Namba yake tuliijaribu Jumapili na Jumatatu asubuhi, haikupatikana.

Mchana wa Jumatatu, baada ya kikao, nilishuka bondeni mwenyewe. Maji yalikuwa yamekauka, yameacha mstari wa tope kwenye kuta, juu kidogo ya goti langu. Magodoro yalikuwa yameanikwa juu ya mabati. Niliuliza nyumba tatu. Kila moja iliniambia kuna mzee aliyekuwa dukani kwa Wahindi, na kila moja ilinielekeza nyumba tofauti. Kwenye kibaraza cha ile ya mwisho hapakuwa na mtu. Palikuwa na redio ndogo ya betri, imefunguliwa kifuniko cha nyuma, imewekwa juani ikauke.